Ukipata neno, tuambie na maana yake

Kwa wanaouliza mbona kimya, jamani nipo. Wiki mbili hizi ni kupiga msuli tu, kazi za kikundi zinatoka kila upande, na bumu nalo ndio hivyo, tunalisikia kama mvua ya mkoa wa jirani. Mtu huna hata nauli ya kwenda mjini kushangaa majengo. Kwa hiyo jioni baada ya msosi hosteli kwetu tumepata starehe isiyo na kiingilio. Mnachagua herufi sita au saba, mnatega dakika tatu kwenye simu, halafu kila mtu anaandika maneno yote ya Kiingereza anayoweza kuyatoa humo. Mwenye mengi anatamba mpaka kesho yake. Siku ambayo jamaa wa ghorofa ya chini anakubali kuazimisha ubao wake wa Scrabble, ndio kabisa, watu hawalali.

Sasa Ijumaa mchezo ukageuka mjadala. Upande mmoja wakasema huu ndio mwarobaini wa kimombo chetu kibovu, na kwamba kama shule zetu zingetuchezesha hivi tangu la tatu, leo tusingekuwa tunatetemeka kwenye prezentesheni. Dada mmoja wa mwaka wa tatu akawajibu bila hata kunyanyua kichwa kwenye daftari: "Nyie endeleeni kuokota herufi za watu. Lugha ya kwenu mnaijua?" Basi chumba kikawaka. Mpaka saa sita usiku watu wanabishana, na hakuna aliyeshinda.

Mimi nilisikiliza sana, nikalala nayo, nikaamka nayo. Leo natoa msimamo. Mchezo ni mzuri na tuuendeleze. Ila neno lisihesabiwe mpaka aliyelipata atuambie maana yake na atunge nalo sentensi moja. Tusipofanya hivyo tutakuwa tunafundishana kujenga maneno ya lugha ambayo hatuongei, halafu tunatumia idadi ya maneno hayo kupimana akili. Hapo ndipo penye shida, na nitawaeleza kwa nini.

Kwanza tujue kitu chenyewe kilitoka wapi. Scrabble ilibuniwa na Mmarekani mmoja, Alfred Butts, msanifu majengo aliyekosa kazi wakati uchumi wa kwao ulipoanguka. Mwaka 1931 jamaa hana ajira, ana muda tele, akaanza kutengeneza mchezo. Alichofanya ni kukaa na magazeti, New York Times likiwemo, akahesabu kila herufi inatokea mara ngapi. Herufi inayotokea sana akaipa vibao vingi na pointi chache. Inayotokea kwa nadra akaipa kibao kimoja na pointi nyingi. Mwaka 1948 mwenzake James Brunot ndiye aliyeupa mchezo jina la Scrabble. Mwaka uliofuata wakatengeneza seti 2,400 na wakapata hasara ya dola 450. Leo unauzwa dunia nzima. Kwa hiyo wewe unayesubiri ajira na hasara yako ya kwanza, usikate tamaa.

Kitu cha kushika hapo ni hiki: ule mfuko wa vibao 100 ni picha ya Kiingereza kilivyo kwenye gazeti. Herufi E zipo 12. A zipo 9, I nazo 9, O zipo 8. S ni 4 tu, kwa sababu Butts aliogopa watu watakuwa wanabandika S ya wingi kila mahali. K ipo moja, pointi 5. Q na Z moja moja, pointi 10 kila moja. Na kuna vibao viwili vitupu unavyoweza kuvifanya herufi yoyote.

Sasa chukua mfuko huo ujaribu kuandika methali ambayo kila mtu aliimbishwa darasa la pili: haraka haraka haina baraka. Hesabu nami. Zote ni herufi 23, na katika hizo A ni 11. Mfuko una A 9. Ukitumia na vile vitupu viwili unafika 11, umebahatika. Lakini unahitaji K tatu, ipo moja. Unahitaji H tatu, zipo mbili. Umekwama! Mfuko mzima wa vibao 100 hauwezi kuandika maneno manne ya mtoto wa darasa la pili. Sio kwamba methali ina kasoro au mfuko una kasoro. Mfuko ulipimwa kwa lugha nyingine, basi.

Nawaza, na sisi je? Ni mara ngapi mtu amepimwa kwa mfuko usio wake halafu akaambiwa hana maneno?

Tuendelee. Kuna watu wanadhani anayeona maneno haraka ana kipaji cha kuzaliwa. Hapana, kuna mbinu, na zinafundishika. Jaribuni hizi.

Ya kwanza, usizikodolee herufi zikiwa zimepangwa vile vile ulivyopewa. Zichanganye. Macho yana uvivu, yakishaona mpangilio mmoja yanaung'ang'ania. Herufi saba tofauti zinaweza kupangwa kwa namna 5,040, sasa wewe unaangalia namna moja dakika tatu nzima, utaona nini?

Ya pili, tenga irabu upande mmoja na konsonanti upande mwingine, halafu tafuta konsonanti zinazopenda kutembea pamoja: TH, CH, SH, ST, TR. Kiingereza kina roho ngumu kwenye hili. Sisi silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu, wao wana neno kama "strengths", herufi tisa, irabu moja! Mtu wa Kiswahili akiona konsonanti nyingi anaona ukame. Mwingereza anaona neno.

Ya tatu, tafuta vichwa na mikia. RE na UN zinakaa mbele, ING, ED, ER na S zinakaa nyuma. Ukiona G, N na I kwenye herufi zako, zisogeze pembeni kama mkia halafu shughulika na zilizobaki. Hapa ndipo ninapowashangaa wenzangu wanaosema Kiswahili kinatufanya wazito kwenye huu mchezo. Jamani, nani anajua kubandika vichwa na mikia kuliko sisi? Chukua mzizi wa "soma": somo, masomo, msomi, wasomi, kisomo, usomaji, somesha, somea, someka. Mtoto wa miaka minne anafanya hivyo bila kufundishwa na mtu. Ujuzi tunao tayari, tunahitaji tu kuuhamisha.

Mbinu zote hizo zikikaa kichwani utashangaa. Chukua herufi A, E, I, N, R, S, T. Wachezaji wazoefu wanazipenda kama sisi tunavyopenda wali maharage, kwa sababu zinatoa maneno ya herufi zote saba bila kubaki hata moja: "retains", "nastier", "retinas", "stainer". Kwenye Scrabble ukimaliza vibao vyako vyote saba kwa mpigo mmoja unaongezewa pointi 50. Kwa hiyo wanaojua wanahifadhi maneno ya namna hii kama sisi tunavyohifadhi majibu ya maswali ya miaka iliyopita. Na hapo hapo ndipo pa kuangalia: kama tunavyohifadhi majibu. Mnajua wenyewe ni wangapi tunahifadhi jibu bila kujua swali.

Kuna mtu anaitwa Nigel Richards, wa New Zealand. Hadi mwaka 2019 alikuwa ameshinda ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kiingereza mara 5. Mwaka 2015 akaamua kwenda kushindana kwenye Scrabble ya Kifaransa, huko Louvain-la-Neuve, Ubelgiji. Kifaransa haongei. Alichofanya ni kukaa na orodha ya maneno ya Kifaransa kwa wiki kama tisa hivi akaimeza. Akaenda, akawapiga Wafaransa na Wabelgiji kwenye lugha yao, akachukua ubingwa. Halafu mwaka 2024 akarudia jambo lile lile kwa Kihispania, huko Granada. Kihispania nacho haongei.

Mimi kisa hiki nakipenda sana, maana kinaumaliza ubishi wa Ijumaa chenyewe. Jamaa ana maneno ya Kifaransa kichwani kuliko maprofesa wa Paris, na bado hawezi kuagiza chai kwa Kifaransa. Kwa hiyo kupata maneno ndani ya herufi ni akili, tena akili kubwa, ila ni akili ya namna yake. Iko karibu na hesabu na kumbukumbu kuliko lugha. Nao Wathai wameshatoa bingwa wa dunia wa Kiingereza, Panupol Sujjayakorn, mwaka 2003. Ukishayajua hayo, anayesema mchezo huu pekee utatufanya tuongee kimombo anajidanganya. Na anayesema mwenye maneno machache ya Kiingereza hana akili anajidanganya mara mbili.

Msije mkasema nawakatisha tamaa. Mwaka 2015 huo huo, mwezi Novemba, Mnigeria Wellington Jighere alichukua ubingwa wa dunia kule Perth, Australia, kwenye Kiingereza hicho hicho. Fainali alimfunga Mwingereza, Lewis MacKay, michezo minne kwa bila! Mwafrika wa kwanza kushika ubingwa huo. Na Wanigeria hawakufika hapo kwa bahati. Wakati wengine wanakimbizana na maneno marefu ya kupendeza, wao walifanyia kazi maneno mafupi, ya herufi nne au tano, ili wasiache nafasi ubaoni kwa mpinzani. Walikaa wakaangalia mchezo unavyokwenda, wakatafuta njia yao. Hilo ndilo la kuiga, sio kushangilia tu kwamba Mwafrika kashinda.

Sasa turudi hosteli kwetu. Chumba cha pili kutoka changu kuna jamaa nitamwita Fundi, jina lake mniachie. Amesoma Kayumba kama wengi wetu, kijijini kabisa, Kiingereza alianza kukisikia kila siku alipofika kidato cha kwanza. Kwenye mchezo huu Fundi hana mpinzani. Juzi tulitoa herufi za neno "listen". Wengine tunasugua vichwa, yeye ameshaandika "silent", "enlist", "tinsel", "inlets". Neno zima lilimezwa na kutapikwa mara nne! Watu wakapiga makofi. Nikamuuliza, "Fundi, tinsel ndio nini?" Akacheka. "Kaka, sijui. Ipo kwenye kamusi, mengine sijauliza."

Ni yale mapambo membamba ya kumetameta wanayoyazungusha kwenye mti wa Krismasi. Kumbe hata yeye kila Desemba anayaona kanisani kwao na kuyashika kwa mikono yake, ila neno na kitu hawajawahi kutambulishwa.

Huyo huyo Fundi kwenye semina haongei. Na alikuwa anaongea. Muhula uliopita alijiandaa vizuri, nondo zote kasoma, akasimama kujibu swali. Katikati ya maelezo akakutana na neno "determine", akalisoma linavyoandikwa, mwisho wake ukawa "maini" kama ya kukaanga. Chumba kizima kikaangua kicheko, na aliyekuwa anaongoza semina naye akacheka. Fundi akamalizia sentensi kwa sauti ya chini akakaa. Tangu siku hiyo anakaa nyuma, anaandika, hanyanyui mkono. Pointi zangu za semina za mada ile ni yeye ndiye aliyenielewesha, kwa Kiswahili, tukiwa kwenye kimbweta. Mimi nikazisema kwa Kiingereza, nikapata alama. Yeye hakupata.

Naomba mlifikirie hilo taratibu. Kosa la Fundi lilikuwa nini hasa? Kuamini kwamba neno linasomwa linavyoandikwa. Kwa Kiswahili hiyo ni kanuni, na ni uungwana wa lugha yetu: ukiiona herufi unaijua sauti yake, hata ukiwa hujawahi kulisikia neno. Kiingereza hakina uungwana huo. "Though", "through", "tough", "cough", mikia yote ni OUGH, sauti nne tofauti. Mtu ambaye hakukulia kwenye nyumba yenye televisheni ya ung'eng'e atajulia wapi, ndotoni? Kwenye mchezo wa herufi Fundi ni mfalme kwa sababu mchezo hauna sauti. Hakuna anayemsikia. Ni Kiingereza pekee ambacho tumemruhusu awe nacho bila kumcheka.

Ndio maana nasema mchezo una dhamana kubwa kuliko tunavyodhani. Pale kwenye karatasi Fundi anajua kwamba ana uwezo. Kinachohitajika ni daraja kutoka kwenye karatasi hadi kwenye mdomo. Daraja lenyewe ni lile nililosema mwanzo: ukipata neno, tuambie maana, litamke, litungie sentensi. Ukikosea matamshi tunakurekebisha kama tunavyorekebishana hesabu. Hakuna aliyewahi kuchekwa hadi akanyamaza muhula mzima kwa sababu ya kukosea kutafuta wastani.

Nikahamie kwenye simu, maana najua wataalamu wa kompyuta mnanisubiri. Siku hizi kuna programu unaiwekea herufi zako, kufumba na kufumbua inakuletea orodha nzima. Namna zinavyofanya kazi ni rahisi na tamu. Programu inachukua kila neno la kamusi na kupanga herufi zake kwa alfabeti. "Listen" inakuwa EILNST. "Silent" nayo inakuwa EILNST. "Enlist" vile vile. Maneno yote yenye mpangilio mmoja yanawekwa kwenye droo moja. Ukileta herufi zako, nazo zinapangwa, droo inafunguliwa, kazi imekwisha. Hakuna uchawi. Mtu wa mwaka wa kwanza anaweza kuiandika programu hiyo wikiendi moja, na nawashauri mjaribu.

Ila kuna ndugu zetu wawili watatu (mnajijua) wanaoifungua programu chini ya meza wakati mchezo unaendelea. Jamani, kudesa kwenye mtihani tunaelewa mtu anaogopa kudisko. Kudesa kwenye mchezo usio na zawadi unaogopa nini? Nadhani jibu ninalo. Wanaogopa kuonekana hawana maneno. Yaani hata kwenye starehe, Kiingereza kimekuwa kipimo cha utu. Mtu yuko radhi aibe maneno asiyoyajua maana, ilimradi tu asiwe wa mwisho. Simu siipingi. Mchezo ukiisha ifungueni, tuangalie maneno tuliyoyakosa, tusome maana zake pamoja. Hapo imekuwa mwalimu. Ikitangulia imekuwa mwizi.

Nimjibu na yule dada wa mwaka wa tatu, kwa heshima zote. Dada yangu, una hoja, ila sio yote. Herufi sio za watu. Na maneno nayo yanasafiri. Kwenye kamusi ya Scrabble inayotumika kwenye mashindano ya dunia yamo "safari", "bwana", "uhuru", "ugali", "matatu", hata "mzee" yumo! Na kwa kuwa ana Z, mzee peke yake ni pointi 15. Heshimu wazee ulipwe. Kinyume chake pia kipo: herufi A, A, K, T zinakupa "kata" na "taka" kwa Kiswahili, na zote mbili zinakubalika kwenye Kiingereza, "taka" ikiwa pesa ya Bangladesh na "kata" mazoezi ya karate. Mpaka kati ya lugha hauna ukuta kama unavyodhani.

Lakini swali lake, "lugha ya kwenu mnaijua?", hilo nalibeba lote. Jana nilifanya jaribio. Niliwapa watu wanne herufi nne tu, A, I, L, M, nikasema toeni maneno ya Kiswahili. Watu wanaotoa maneno kumi ya Kiingereza kwa dakika tatu, wakatoa "lima" na "mali", wakasimama. Imebaki "mila". Imebaki "imla", ile imla ambayo mwalimu alitusomea na fimbo mkononi! Wawili walikuwa wamelisahau kabisa hilo neno. Herufi nne, maneno manne, na kila moja lina dunia yake. Kulima, kumiliki, kurithi desturi, kuandika unachosomewa. Ukiniambia hiyo sio historia yetu kwa ufupi, sijui historia ni nini.

Basi pendekezo langu lote ni hili, naliweka mezani. Kila jioni ya mchezo raundi mbili za Kiingereza na moja ya Kiswahili. Za Kiingereza, neno halina pointi mpaka lipate maana, matamshi na sentensi. Anayecheka matamshi ya mwenzake anapoteza pointi zote za raundi, na hili nitalisimamia mwenyewe. Ya Kiswahili, tutengeneze mfuko wetu. Tuchukue magazeti ya wiki, tugawane kurasa, tuhesabu herufi kama Butts alivyofanya. Tujue A ziwe ngapi, K zistahili pointi ngapi, na kama kuna haja ya kuwa na kibao cha Q na X, ambazo maneno yetu hayazitumii. Watu wa takwimu kazi hiyo ni yenu. Maboksi ya kukatia vibao yapo nyuma ya duka la hapo nje, nimeshaongea na mama muuzaji, ametukubalia.

Nimemwambia Fundi kuhusu kanuni ya maana na matamshi. Akanyamaza kidogo, akaniuliza, "Na wakicheka?" Nikamwambia watakatwa pointi. Akasema, "Sawa, ila anza wewe." Kwa hiyo Jumamosi saa mbili usiku, chumba cha kusomea cha ghorofa ya pili, nitaanza mimi. Njooni na kalamu, na kama una gazeti la wiki hii lolote lile, hata la michezo, njoo nalo.

Na kwa watakaokuja wameshapasha kichwa, hizi hapa herufi za mazoezi, Kiswahili tupu: A, I, K, L. Mimi nimepata manne ya herufi zote. Atakayepata la tano anatafutiwa chapati, ila maana yake aje nayo.

Nawasilisha.